Kifo cha Ivan Ilyich: kitabu ninachompa anayeuliza aanzie wapi

Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 19, alikuja kwenye kikao cha kundi letu la kusoma akiwa na daftari jipya. Alisubiri tumalize kusalimiana, akauliza: "Nataka kuanza kusoma fasihi nzito. Nianzie wapi?" Tulipoagana, saa tatu zilikuwa zimepita na daftari lake lilikuwa bado jeupe.

Si kwamba majibu yalikosekana. Yalizidi. Mzee wetu, mwalimu mstaafu, alisema aanze na Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, kisha ateremke karne kwa karne, maana waandishi wa baadaye wote wanajibizana na waliowatangulia. Kijana mmoja akapinga: aanze na kigumu kuliko vyote, *Ulysses* ya James Joyce, riwaya nene ya mwaka 1922 inayosimulia siku moja tu, tarehe 16 Juni 1904. Akikimaliza hicho, alisema, hakuna kitabu kitakachomtisha tena maishani. Wa tatu alikuwa na orodha ya vitabu mia moja bora, ya kuweka alama ya vema kila umalizapo kimoja. Wa nne alisema kuulizana hivyo ni kupoteza muda, mtu asome anachokipenda. Sauti zilipanda. Mimi nilinyamaza, kwa sababu njia zote nne nilishazipita na ninakumbuka kila moja iliniacha wapi.

Homer aliniacha katika Kitabu cha Pili cha *Iliad*, utenzi wake wa vita vya Troy, kwenye orodha ya merikebu. Ukurasa baada ya ukurasa ni majina ya makamanda, miji waliyotoka na idadi ya vyombo walivyokuja navyo. *Moby-Dick*, riwaya ya Herman Melville ya nahodha anayewinda nyangumi, iliniacha kwenye sura ya 32, pale msimulizi anaposimamisha safari ili apange nyangumi wote wa dunia kwa makundi, kama mtu apangavyo vitabu kwa ukubwa wa karatasi. Kitabu kina sura 135. Nilipoona nimefika 32 na nahodha mwenyewe nimemwona kwa shida, nilikifunga. Nilikuwa na umri wa huyu binti, na nilichojiambia siku ile kiliniumiza kwa muda mrefu: kwamba vitabu vya namna hii viliandikwa kwa watu wengine, si mimi.

Nimekuja kugundua kwamba tatizo lilikuwa macho niliyoyabeba. Nilikua nikisoma riwaya pendwa, za upelelezi hasa, na bado nazisoma kwa furaha. Riwaya hizo zinakufundisha swali moja: nini kitatokea? Ni swali zuri, linakuvuta hadi usiku wa manane. Lakini ukienda nalo kwa Homer, orodha ya merikebu inakuwa ukuta. Ukienda nalo kwa Melville, sura ya nyangumi ni mtu anayekuchelewesha. Anayeanza anahitaji kitabu kitakachompokonya swali hilo kwa upole, mapema, kabla hajachoka, kisha kimpe jingine la kushika. Ninakijua kimoja kinachofanya hivyo vizuri kuliko vingine vyote nilivyowahi kusoma. Ni *Kifo cha Ivan Ilyich* cha mwandishi Mrusi Lev Tolstoy, kilichotoka mwaka 1886.

Jina lenyewe limeshakuambia mwisho. Na kana kwamba jina halitoshi, sura ya kwanza inafunguka mtu akiwa ameshakufa. Tuko katika jengo la mahakama, kesi imesimama kwa mapumziko, majaji na mwendesha mashtaka wamekusanyika chumbani kwa mwenzao wakizungumza. Mmoja wao, Pyotr Ivanovich, anasoma gazeti, anainua macho na kusema Ivan Ilyich amefariki. Marehemu ni mwenzao, walimpenda. Na jambo la kwanza linalopita kichwani mwa kila aliyemo chumbani ni nafasi yake ya kazi: nani atapanda, nani atahamishiwa wapi. Mmoja anahesabu kabisa nyongeza ya mshahara, rubles 800 kwa mwaka. Pyotr Ivanovich anafikiria uhamisho wa shemeji yake. Na chini ya hesabu hizo zote kuna faraja ndogo ambayo hakuna anayeitamka: amekufa yeye, si mimi.

Hapa sina budi kusema kazi yangu. Mimi ni karani wa masijala. Majalada ya watumishi yanapita mikononi mwangu, na mtumishi anapofariki mimi ndiye ninayelifunga jalada lake. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi zamani alifariki mwenzetu aliyependwa na wote. Tangazo lilibandikwa ubaoni asubuhi. Watu walilia, na walilia kweli, niliwaona. Kabla ya mchana wawili kati yao walikuwa wamepita dirishani kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sauti ya chini, wakiulizia fomu ya kuomba nafasi. Niliwachukia kwa miaka. Nilipoisoma sura hii nikakumbuka kitu nilichokuwa nimejificha: kwamba mimi mwenyewe, nilipolisoma lile tangazo, wazo langu la pili au la tatu lilikuwa meza yake iliyo karibu na dirisha.

Kitabu kilikuwa kimenishika mkono kikanielekeza kwangu mwenyewe, na nilikuwa sijafika ukurasa wa kumi.

Baada ya sura hiyo Tolstoy anarudi nyuma na kusimulia maisha ya marehemu tangu mwanzo: masomo, vyeo, ndoa, nyumba mpya. Maisha ya kawaida kabisa, na mwandishi anakwambia waziwazi kwamba ukawaida huo ndio unaotisha. Ivan Ilyich anapanda ngazi kumwonyesha fundi jinsi anavyotaka pazia litundikwe, anateleza, anagonga ubavu kwenye kitasa cha fremu ya dirisha. Anacheka. Ni pigo dogo. Msomaji peke yake ndiye anayejua, kwa sababu ameambiwa mwanzoni, na kutoka hapo huna tena haja ya kuuliza nini kitatokea. Unaanza kutazama. Unatazama jinsi ladha mbaya mdomoni inavyotajwa mara ya kwanza kama kitu cha kupita, jinsi ugomvi mezani unavyoongezeka, jinsi mkewe anavyoanza kuzungumza naye kama anayezungumza na mtoto mkaidi. Swali limebadilika mikononi mwako bila mtu kukuhutubia.

Kama ningelazimika kumshawishi mtu kwa kurasa tatu tu, ningempa zile za daktari katika sura ya nne. Ivan Ilyich ni jaji. Maisha yake yote amejua kuwatazama washtakiwa kwa uso ule wa kiofisi, kupunguza mambo yao hadi yaenee kwenye karatasi, kufuta kila kilicho cha kibinadamu kisichohitajika kwenye faili. Sasa anaingia kwa daktari mashuhuri na anatazamwa kwa uso uleule. Anataka kujua jambo moja: je, hali yake ni ya hatari? Daktari anaona swali hilo halistahili. Kinachojadiliwa pale ni figo lililolegea upande mmoja na kidole tumbo upande wa pili, na daktari anatoa muhtasari wake kwa ustadi, akitazama juu ya miwani kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi safi, hasa kama Ivan Ilyich alivyokuwa akitoa muhtasari wa kesi. Hakuna sentensi inayosema "alipanda hiki akavuna hiki." Tolstoy ameweka vyumba viwili, cha mahakama na cha daktari, na amekuachia wewe uone kwamba ni chumba kimoja. Huo ndio usomaji wenyewe. Aliyeona mara moja jinsi tukio moja linavyosimama kuwa kioo cha jingine ataliona tena kwa Homer, kwa Melville na kwa Shaaban Robert.

Kuna pia ile sehemu ya mantiki katika sura ya sita. Shuleni alifundishwa hoja maarufu: Caius ni mtu, watu wote hufa, basi Caius atakufa. Sawa, anafikiri, kwa Caius ni sawa. Lakini mimi si Caius, mimi nilikuwa Vanya mdogo (ndivyo Ivan alivyoitwa utotoni), nilikuwa na mama na baba, na mpira wa ngozi wenye mistari, na harufu ya mpira ule. Caius aliijua harufu ya mpira wangu? Niliposoma hapo nilikiweka kitabu mezani nikatoka nje kidogo. Kila mtu anajua atakufa. Kuna umbali mkubwa sana kati ya kulijua hilo na kulijua, na sijaona mahali pengine ambapo umbali huo umepimwa kwa mpira wa mtoto.

Na kuna Gerasim, kijana wa kazi, mwenye nguvu, msafi, mwenye uso mchangamfu. Yeye peke yake nyumbani mle hasemi uongo. Wengine wote wanashikilia kwamba bwana ni mgonjwa tu na atapona akitulia na kunywa dawa. Gerasim anabeba miguu ya mgonjwa mabegani kwake usiku, kwa saa nyingi, kwa sababu mgonjwa anasikia nafuu ikiinuliwa. Sina la kuongeza juu ya picha hiyo. Ikiwa umewahi kuuguza mtu, mikono yako italitambua tukio hilo kabla ya akili.

Sasa mambo ya kushikika, maana haya ni mapitio na mtu anataka kujua anachochukua. Ni kitabu chembamba: sura 12, na matoleo mengi niliyoyashika hayafiki kurasa mia. Jioni mbili zinatosha. Angalia pia kwamba sura za mwanzo ni ndefu na zinabeba miaka mingi, za mwisho ni fupi na zinabeba siku, kisha saa. Pumzi ya kitabu inakatika kadiri ya mgonjwa. Kukiona hilo kwa macho, kwa kufungua tu kurasa, ni somo zima kuhusu umbo, na anayeanza anaweza kuliona bila mwalimu.

Majina ya Kirusi yanawatisha wengi bure. "Ilyich" si jina la ukoo, maana yake ni mwana wa Ilya. Msome kama Ivan bin Ilya na mkewe kama Praskovya binti Fyodor, na msongamano wote unafunguka. Jina la ukoo ni Golovin, nalo linaonekana kwa nadra.

Mimi nilikisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya Louise na Aylmer Maude, waliomfahamu Tolstoy mwenyewe. Ni tafsiri ya zamani, haki zake zimekwisha muda, kwa hiyo inapatikana bure kwenye intaneti kihalali. Lugha yake ni ya kikale kidogo lakini imetulia. Ziko tafsiri mpya zaidi, kama ya Richard Pevear na Larissa Volokhonsky, zinazoacha sentensi ikwaruze pale Kirusi kinapokwaruza. Kwa mara ya kwanza chukua Maude. Na tafadhali, utangulizi uusome mwisho. Toleo moja nililowahi kununua, sitalitaja, lilikuwa na utangulizi wa kurasa karibu nusu ya hadithi yenyewe, na mwandishi wake alikuwa ameshaamua kila ishara ina maana gani kabla sijaiona hata moja. Kumfanyia hivyo mtu anayeanza ni kumnyang'anya.

Kasoro zipo na sitazificha. Praskovya Fyodorovna hakutendewa haki. Tunamwona karibu mara zote kupitia chuki ya mumewe. Katika sura ya kwanza anaonyeshwa akiulizia, katikati ya machozi, namna ya kupata fedha zaidi serikalini kwa sababu ya kifo, nasi tunatakiwa tumdharau. Lakini ni mjane mwenye watoto wawili, na kijana bado yuko shule. Nani angemuulizia? Ningetoa mengi kupata sura moja iliyoandikwa kutoka upande wake wa kitanda. Gerasim naye ni mwema mno. Hana uchovu, hana njaa, hana mahali pengine anapotaka kuwa usiku ule. Mtumishi asiye na maisha yake mwenyewe ni ndoto ya bwana, hata kama ni bwana anayekufa, hata kama mwandishi ni Tolstoy. Binti wa kaka yangu hakulikubali hili la pili, tulibishana sana.

Na wako ambao nisingewapa kitabu hiki sasa. Mwenye msiba mbichi asubiri. Mwenye mgonjwa nyumbani anayezidiwa asubiri pia, kwa sababu kitabu hakina huruma na wanaouguza, na mtu huyo hahitaji shtaka juu ya uchovu. Hao huwapa *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Karama anasimama kortini siku baada ya siku akijitetea dhidi ya mashtaka ya Waziri Majivuno, na utetezi wake ni visa vya wajumbe waliotumwa pande zote, hata juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mema na hawakupewa shukrani. Nacho kinakupokonya swali la nini kitatokea, kwa njia nyingine: baada ya mjumbe wa pili unaujua mwisho wa kila mjumbe, na unaanza kusikiliza jinsi kila mmoja anavyosema. Wapo wanaomtaja Kafka na kisa chake cha 1915 cha mtu anayeamka akiwa mdudu. Sipingi. Ila nimeona wengi wakianza hapo wakadhani fasihi nzito ni ile ya mambo ya ajabu, na wanachukua muda kujua kwamba pazia na ngazi vinatosha.

Nilirudi kwa *Moby-Dick* baada ya Ivan Ilyich. Nilikuwa na miaka 34. Sura ya 32, ile iliyonishinda, leo ndiyo ninayoisoma peke yake wakati mwingine. Mtu amejaribu kuitia bahari kwenye majalada, na mwishoni anakiri anauacha mpango wake bila kukamilika, kama kanisa kuu la Cologne lilivyoachwa na winchi yake juu ya mnara usiomalizika. Kwa mtu wa masijala, hiyo si sura ya kuruka.

Binti nilimpa kitabu wiki ile ile, bila kumweleza chochote isipokuwa kwamba akimaliza akirudie sura ya kwanza. Kurudia sura ya kwanza ni lazima, nusu ya kitabu iko hapo na huwezi kuiona mara ya kwanza. Alinipigia baada ya siku nne. Sikuwa nimejiandaa kwa swali lake:

"Shangazi, kile kiti."

Kiti kipi?

"Kile kifupi chenye springi, cha nyumbani kwa mjane. Yule Pyotr Ivanovich anakalia, kinamsukuma, anainuka kumsaidia mjane shali yake iliyonasa, anakaa tena, kinalia. Yuko msibani na yuko kwenye vita na kiti. Kwa nini Tolstoy aandike kiti wakati mtu amelazwa chumba cha pili?"

Nilimuuliza yeye anadhani kwa nini. Akasema: kwa sababu ndicho kitu pekee mle ndani kilichokataa kuigiza.

Miezi miwili nyuma angeuliza nini kinatokea baadaye.

Nampa Tolstoy nyota nne na nusu. Nusu ninaizuia kwa ajili ya Praskovya.

Lakini ubishi wetu haujaisha, nao unahusu neno moja katika sura ya mwisho. Ivan Ilyich, amebakiza saa chache, anataka kumwambia mkewe na mwanawe neno la Kirusi "prosti," yaani nisamehe. Ulimi unamteleza anasema "propusti." Hana nguvu ya kulisahihisha, anapunga mkono tu, akiamini anayepaswa kuelewa ataelewa. Nililitafuta neno hilo la pili: maana yake ni kumwachia mtu njia apite. Wafasiri wa Kiingereza wametaabika nalo. Kwetu limekuja lenyewe, na ni binti aliyelipata, akaliandika kwenye lile daftari: alitaka kusema *nisamehe*, akasema *nipishe*.

Mimi nasema ulimi ulimponyoka, na uzuri uko hapo, kwamba hata kosa lake lilikuwa kweli. Yeye anasema hakukosea: kwa wale waliosimama kati yake na mlango, maneno hayo mawili ni ombi moja. Kundi linakutana Jumamosi, na yeye ndiye atakayefungua mazungumzo.